Mwegea: maabara imeuliza nini, na sisi tunataka kujua nini

Hotuba iliyotolewa Iringa mjini mbele ya waganga wa tiba asili, wauguzi, walimu wa sayansi na wanafunzi

Kamwene!

Wazee wangu, shikamooni. Waganga wetu mliotoka Pawaga, Idodi na kule Mtera, wauguzi, walimu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza nyuma mkidhani nitagawa mtihani: asanteni kwa kuja. Sitawaweka sana. Harufu ya pilau inayotoka huko uani inashindana nami, na najua nani atashinda.

Tunda hili lililoko mezani mnalijua. Limetoka bondeni, upande wa Pawaga. Nimelipitisha kwenye mizani ya duka likagonga kilo sita na ushei. Kijana aliyelileta alilipakia kwenye bodaboda, na anasema abiria wawili walikataa kupanda naye. Wengine wetu tunauita mti wake mwegea, wengine mvungunya. Vitabuni ni Kigelia africana. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wa maabara wameuchunguza: London, Italia, India, Nigeria, Afrika Kusini. Makala zimejaa. Nimekuja kuwaeleza makala hizo zinasema nini, kwa Kiswahili ambacho mganga na muuguzi wataelewa sawasawa. Na nimekuja na lalamiko moja, nalisema mapema ili msije mkasema nilificha: sehemu kubwa ya utafiti huu imejibu maswali ya watafiti wenyewe. Maswali ya mgonjwa aliyekaa mkekani na kikombe mkononi bado yanasubiri.

Kwanza mti wenyewe, kwa kifupi, maana nyinyi ndio mnaoishi nao. Ni mti wa savana, wa nchi ya joto, unapenda kingo za mito na mabonde. Huku juu mjini kwenye baridi hauonekani kama unavyoonekana ukishuka kuelekea Ruaha. Maua yake ni mekundu ya kuiva, rangi ya damu ya mzee, yananing'inia kwenye kamba ndefu na kufunguka usiku. Harufu yake si ya kumpa mchumba, ila popo wanaipenda, na popo ndio wanaochavusha. Asubuhi maua yakidondoka, swala na mbuzi wanayaokota. Matunda yanaliwa na tembo, twiga, kiboko na nyani, na mbegu zinasafiri matumboni mwao. Binadamu halili tunda hili bichi. Linaharisha vibaya na linababua mdomo. Mbegu zake zimekaangwa na kuliwa wakati wa njaa sehemu kadhaa za Afrika, na vipande vya tunda vimetumika kuchachusha pombe. Wakikuyu wa Kenya ni hodari kwa hilo.

Kuhusu tiba, orodha ni ndefu kiasi kwamba mtu mwenye mashaka ataanza kucheka. Vidonda visivyopona, mba, majipu, pumu ya ngozi, kaswende, kuumwa na nyoka, baridi yabisi, malaria, kuhara damu, matiti ya kina mama, nguvu za kina baba. (Naona kina baba wameamka.) Mimi sicheki. Dawa inayotajwa kwa magonjwa ishirini na watu wanaokaa mbalimbali, wasiojuana, inastahili kusikilizwa. Inastahili pia kuhojiwa, kwa sababu hakuna mti unaotibu vyote hivyo kwa kiwango kimoja. Ukitenga magonjwa ya ngozi na vidonda peke yake, utaona yanatajwa karibu kila mahali mwegea unapoota, tangu Afrika Magharibi hadi kusini ya mbali. Mimi ningeanzia hapo.

Sasa utafiti. Ulianza kwa kuorodhesha. Taasisi ya Tiba Asili iliyoko Muhimbili ilianza mwaka 1974 kama kitengo kidogo cha utafiti. Miaka ya 1982 na 1983 wataalamu wa Tanzania pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walichapisha orodha ya mimea inayotumika katika tiba asili nchini, sehemu baada ya sehemu. Kuanzia 1987 wataalamu wa Muhimbili wakaendelea na orodha nyingine ya mikoa ya mashariki. Walikwenda vijijini, wakakaa na waganga, wakachukua matawi, wakayakausha na kuyahifadhi. Kazi ile haikuwa na mbwembwe, na leo kuna wanafunzi wanaoidharau kwa kuwa haina mashine wala grafu. Wanakosea. Tawi lililokaushwa na kuwekwa kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, likiwa na jina la mahali na tarehe, ndilo linalotuwezesha leo kusema kwa hakika kwamba dawa iliyopimwa ilikuwa mwegea kweli. Makala isiyo na kielelezo cha mmea inaweza kuwa imepima gome la mti wowote lililonunuliwa sokoni kwa mtu aliyesema, "Huu ndio wenyewe."

Nikiwa hapo, wanafunzi, andikeni hili: mkitafuta makala za mwegea msitafute kwa jina moja. Zamani watafiti wengi waliuandika Kigelia pinnata, na wengine Kigelia aethiopica. Mti ni uleule. Anayetafuta kwa jina moja anapata nusu ya habari na kudhani ameimaliza.

Kisha likaja wimbi la sahani, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1994 kundi la Peter Houghton wa King's College London lilichapisha matokeo ya kupima mwegea dhidi ya seli za saratani, ile ya ngozi iitwayo melanoma na ile ya figo. Walichukua gome na tunda, wakatoa dondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka humo, wakaliweka kwenye sahani za maabara zenye seli hai za saratani, na seli zikadhoofika. Habari ilisafiri. Mpaka leo ukienda kwa wauza dawa za mitishamba mitandaoni utakuta imeandikwa, "Mwegea unatibu saratani, imethibitishwa London."

London haijathibitisha hivyo. Seli kwenye sahani hazina ini, hazina figo, hazina tumbo. Ukizimwagia chumvi kali zitakufa. Ukizimwagia sabuni zitakufa haraka zaidi. Kwa hiyo matokeo ya sahani yanatuambia kitu kimoja tu: hapa pana kemikali yenye nguvu, inafaa kufuatwa. Houghton na wenzake walilijua hilo na waliandika kwa uangalifu. Waliolikuza ni waliosoma kichwa cha makala na kuishia hapo.

Baadaye kundi hilohilo likageukia vimelea. Mwaka 1999 walichapisha kazi kuhusu malale, na mwaka 2000 kuhusu malaria: kemikali kutoka kwenye gome la mzizi zilizuia vimelea vya malaria kukua, vikiwemo vile visivyosikia klorokwini. Kemikali hizo zinaitwa naftokwinoni. Jina ni gumu, lakini rangi yake mnaijua. Mzizi wa mwegea ukiuchubua unatoa rangi ya manjano, na watu wameitumia kutia nguo rangi. Katika ukoo huo wa naftokwinoni yumo mmoja anayeitwa lapacholi. Naomba mnivumilie nimfuatilie huyu, kwa sababu kisa chake kinafundisha kuliko makala nyingi za mwegea zikiwekwa pamoja.

Lapacholi ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1882 kutoka kwenye mti wa Amerika ya Kusini, ndugu wa mbali wa mwegea. Wote ni wa familia moja, Bignoniaceae. Ikakaa miaka mingi bila kazi kubwa. Vita vya Pili vilipokuja, Wajapani waliiteka Java mwaka 1942, na Java ndiko kwinini nyingi ya dunia ilikotoka. Wamarekani wakahangaika kutafuta dawa mpya ya malaria kwa ajili ya askari wao. Louis Fieser wa Harvard na wenzake wakatengeneza mamia ya kemikali za ukoo huu wa lapacholi. Kwa ndege wenye malaria zilifanya kazi. Kwa binadamu zikashindwa, maana ini lilizivunja kabla hazijafika zinakotakiwa. Kazi ikawekwa kando, ikafufuliwa, ikawekwa kando tena. Ilipofika miaka ya 1980 ndipo ikapatikana kemikali ambayo ini haliivunji, ikaitwa atovakwoni. Leo inachanganywa na proguanili, dawa nyingine ya malaria, na kumezwa na watalii wengi wanaokuja hapa kwetu kutazama tembo wa Ruaha. Inachanganywa kwa sababu ikitumika peke yake vimelea huizoea upesi.

Sasa tazameni upande wa pili wa lapacholi hiyohiyo. Huko Marekani, Taasisi ya Taifa ya Saratani iliipima kwa wagonjwa kama dawa ya saratani. Mwaka 1970 wakaachana nayo. Walikuta kwamba ili damu ipate kiasi cha kutosha, mgonjwa lazima ameze kingi, na akimeza kingi anatapika na damu yake inachelewa kuganda. Lapacholi inafanana kwa umbo na vitamini K, ambayo mwili unaitumia kugandisha damu, kwa hiyo inaingilia kazi yake. Wauguzi, mmeshaona ninakoelekea. Mgonjwa wa moyo anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akinywa dawa ya mizizi yenye lapacholi, anaongeza dawa ya aina moja juu ya nyingine. Sisemi kila kikombe cha mwegea kina lapacholi ya kutosha kumdhuru mtu. Nasema hakuna aliyepima vikombe vya waganga wa Pawaga akatuambia.

Na hapo ndipo lalamiko langu linapoanzia hasa.

Mganga anachemsha kwa maji. Wazee niwaulize: kuna anayetumia methanoli, ile spiriti ya maabara, hapa? (Kicheko.) Hakuna, na asithubutu, maana methanoli inapofusha. Lakini mkisoma makala za mwegea, nyingi zinaanza hivi: gome lilikaushwa, likasagwa, likalowekwa kwenye methanoli. Mtafiti ana sababu yake. Methanoli inatoa kemikali nyingi zaidi, na akishamaliza anaivukiza, inabaki dawa. Tatizo ni kwamba anapima kitu ambacho mgonjwa hajawahi kukinywa. Naftokwinoni, hizi za manjano zenye sifa zote nilizotaja, haziyeyuki vizuri kwenye maji. Zinabaki kwenye magome na kutupwa jalalani pamoja nayo. Kinachoingia kwenye sufuria kwa wingi ni ukoo mwingine, unaitwa iridoidi, kemikali zilizoshikamana na sukari na kwa hiyo zinapenda maji.

Kuna ujanja mdogo nataka muuone. Katika gilasi hii nimeweka unga kidogo wa manjano wa ukoo wa lapacholi, pamoja na maji. Mnaona umetuama chini, maji yako palepale. Sasa naongeza magadi, haya ya kupikia maharage. Nakoroga. Walioko mbele, semeni rangi. Nyekundu! Unga umeyeyuka. Magadi yamebadilisha maji, na maji yamebeba kitu ambacho dakika moja iliyopita yalikikataa. Kwa hiyo mganga anayetia magadi au maji ya majivu kwenye dawa ya mizizi, na mganga asiyetia, hawatoi dawa moja hata kama wamechimba mzizi mmoja. Mtafiti akija kwako na daftari akaandika tu "mzizi, huchemshwa, hunywewa," mrudishe. Mwambie hajamaliza kuuliza.

Niwatendee haki wenzangu wa maabara, maana wapo waliofuata njia ya maji, na walichokuta kinawapa waganga heshima. Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichapisha kazi kuhusu dondoo la tunda. Ndani yake kulikuwa na iridoidi moja iitwayo veminosidi, ikapunguza dalili za uvimbe na mchomo kwenye seli. Wakaijaribu pia kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara, na haikuiwasha. Mwaka 2006 watafiti wa India, ambako mwegea ulipelekwa ukapandwa, walitoa veminosidi na ndugu zake kwenye gome na kukuta zinaua amiba wa kuhara damu kwenye sahani. Unganisheni wenyewe: tunda kwa ngozi, gome kwa kuhara damu. Babu zetu walisema hivyohivyo. Bado ni sahani, narudia, lakini hii ni sahani iliyoulizwa swali zuri, kwa kitu ambacho kweli kimo kwenye kikombe.

Nilikate tunda. Samahani, msumeno unapiga kelele. Ganda ni gumu, panga linateleza. Ndani, angalieni, nyama ni nyeupe na ina nyuzinyuzi, mbegu zimejichimbia humo katikati. Subirini kidogo, mtaona pale nilipokata panaanza kugeuka kahawia. Hewa imeshaanza kufanya kazi yake kwenye kemikali. Ndiyo maana bibi mmoja wa bondeni aliyenielekeza namna yake ya kutengeneza dawa ya vidonda alinisisitizia kulikata tunda vipande vyembamba na kuvianika kivulini siku hiyohiyo, na akakataa katakata tunda lililookotwa chini likiwa limeanza kulainika. Je, tunda bichi na lililoiva yana dawa sawa? La kiangazi na la masika? La Pawaga na la Usangu? Maswali haya hayahitaji mashine ya mabilioni. Yanahitaji mwanafunzi mwenye subira na mwalimu anayejua kupima.

Wimbi la tatu ni la wanyama, nitalipitia haraka. Wenzetu wa Nigeria, ambako tunda linasifika kwa uzazi wa kiume, wamewapa panya. Kazi moja ya mwaka 2010 iliwapa panya sisplatini, dawa ya saratani inayojulikana kuharibu korodani. Waliopewa pia dondoo la mwegea walipata madhara madogo zaidi. Mwaka huohuo wengine wakalichanganya tunda kwenye chakula cha kambale, na mbegu za kambale dume zikawa bora. Wavuvi wa Mtera, naona mmetabasamu! Ila nawaomba msitangaze kwa wateja wenu kwamba kilichomfaa kambale kitamfaa baba mwenye nyumba. Panya ana ini lake, kambale ana lake, na dozi ya kambale haigeuzwi kuwa kijiko cha chakula.

Baada ya sahani na panya, makala zinapungua ghafla. Majaribio kwa binadamu ni haba mno. Miaka yote hiyo, na muuguzi wa zahanati ya Idodi akitaka kujua kidonda cha mguu kinachopakwa mwegea kinafunga haraka kuliko kinachosafishwa kwa maji ya chumvi tu, hana pa kusoma. Sababu zipo. Jaribio kwa binadamu ni ghali, linataka kibali cha maadili, linataka dawa ya namna moja kila siku, linataka kundi la kulinganisha. Na kusema ukweli, mtafiti anapanda cheo kwa idadi ya makala, na panya hutoa makala upesi kuliko wagonjwa. Mfumo unalipa ngazi ya kwanza, ya sahani na panya, mara kumi, na ngazi ya pili, ya wagonjwa, haulipi kabisa, basi watu wote wanapanda ngazi ya kwanza.

Wakati huo biashara haikusubiri. Dondoo la tunda la mwegea limo kwenye krimu za kukaza ngozi zinazouzwa Ulaya. Kipodozi hakiulizwi maswali ya dawa. Kinaruhusiwa kusema ngozi "itapendeza" na kuishia hapo. Sina ugomvi na anayejipaka. Nina swali kuhusu maarifa yametoka wapi na nani amelipwa. Dunia ilikubaliana kuhusu hilo katika Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014: anayechukua mali ya viumbe hai au maarifa ya jadi aombe ruhusa na agawane faida. Tuna mfano wa uchungu kwenye mti mwingine, mti wa misitu ya milimani uitwao Prunus africana. Gome lake liligeuzwa kuwa dawa ya tezi dume Ufaransa, hataza, yaani haki ya kisheria ya kuimiliki dawa hiyo, ikachukuliwa mwaka 1966, na magome yakabanduliwa Afrika kwa matani hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995. Mwegea hauko kwenye hatari hiyo. Unaota kwa mbegu, unaota hata kwa tawi nene likichomekwa ardhini, na kwenye joto unaweza kutoa maua baada ya miaka kama 6. Lakini ukibanduliwa gome kuuzunguka shina mzima utakufa. Anayechukua gome achukue ukanda mwembamba wa upande mmoja, asirudi hapohapo. Au atumie tunda, ambalo mti unalidondosha wenyewe.

Kuna jambo jingine sitaki tulikwepe kwa sababu ya adabu. Mwaka 2011 nchi hii ilikwenda Loliondo. Kijiji cha Samunge, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe kwa shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Mabasi yalitoka hadi huku kwetu. Mzee yule alikuwa mnyenyekevu na hakutajirika kwa bei ile, na sina neno baya juu yake. Alifariki mwaka 2021. Lakini wapo waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakaacha insulini. Walioumia hawakuumizwa na mugariga. Waliumizwa na kuacha. Kwa hiyo nikisikia mganga anasema, "Ukianza dawa yangu acha za hospitali," huyo simtetei, hata kama mti wake umeandikwa kwenye makala mia.

Na muuguzi anayemfokea mgonjwa kwa kunywa mitishamba simtetei vilevile. Mgonjwa akifokewa leo, kesho anaficha. Atalazwa, figo zitasumbua, utamuuliza, "Umetumia nini?" naye atakujibu, "Panadoli tu." Ulizeni kwa namna inayofungua mdomo: "Mama, nyumbani mlianza na dawa gani?" Kisha andikeni kwenye faili: mti gani, sehemu gani, lini, kiasi gani. Akiwa mjamzito, anameza dawa za damu, au ana kisukari, mwiteni mfamasia. Mafaili hayo, yakikusanywa vizuri, ni utafiti ambao hakuna maabara ya London inayoweza kuufanya.

Kwa upande wa waganga, sheria inawatambua: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Sajilini huduma zenu. Dawa ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ipimwe usalama. Najua mnachoogopa, kwamba ukimwonyesha mtu wa koti jeupe mti wako, mwaka kesho utaukuta kwenye chupa yenye jina lake. Hofu hiyo ina historia, siibezi. Ndiyo maana nasema mkubaliane kwa maandishi kabla hujamwonyesha hata jani, na jina lako liandikwe kwenye makala kama la mtu aliyechangia maarifa, pamoja na la kijiji chako. Mtafiti akikataa hilo, mpe chai, aende.

Ningependa kuona kazi ya aina hii ikifanyika hapa Iringa, na haihitaji kusubiri wafadhili wakubwa. Waganga kadhaa wachemshe mwegea kila mmoja kwa namna yake, mbele ya mpimaji, mganga atumie kikombe chake na jiko lake. Mpimaji apime kilichomo kwenye maji: iridoidi kiasi gani, naftokwinoni kiasi gani, na baada ya siku tatu kwenye chupa kimebaki nini. Tukishajua hilo, tuchukue dawa ya kupaka, maana ngozi tunaiona kwa macho na hatari yake ni ndogo kuliko ya kunywa. Tuombe kibali cha maadili, tuwapate watu wazima wenye vidonda vya kawaida, nusu wasafishwe kidonda kama kawaida na nusu wapakwe mwegea juu ya usafi uleule. Kidonda kipimwe kwa rula kila wiki na kupigwa picha kwa simu, na anayepima asijue nani amepakwa nini. Yakitoka matokeo mabaya, yachapishwe vilevile. Mwegea ukishindwa kwenye vidonda nataka nijue, na bibi yule wa bondeni aliniambia naye anataka kujua. Alisema amechoka kuwakatia watu tunda kama maji ya chumvi yanatosha.

Katibu ana madaftari pale mlangoni. Mganga atakayechukua, aandike sehemu ya mti, mwezi wa kuvuna, maji kiasi gani kwa kipimo chake mwenyewe, kama ni kopo la kimbo basi kopo la kimbo, muda wa kuchemsha, na kama ametia magadi. Asiyeandika, mjukuu wake wa sekondari amwandikie. Walimu wa kemia, huo unga na magadi nawaachia, msionje.

Mzee wangu wa Idodi, mkono wako uko juu tangu nilipotaja panya. Karibu kipaza sauti.